Nia ya Mlezi katika "The Blind Side"
Mfugaji wa Gotu, Isiolo, akiitazama filamu hii ya 2009, yumkini atauliza: je, Michael Oher alikuwa mwana au mlelewa tu? Katika guddifacha, desturi ya Waborana, mtoto apokewaye huwa mwana kamili, mwenye haki ya kurithi. Nia ya mlezi hupimwa hapo, si kwa machozi. Filamu yenyewe humleta mpelelezi aulize iwapo akina Tuohy walimlea ili akichezee chuo walichosoma wao. Kisha jibu fupi la kijana hulizima swali hilo upesi mno. Hiyo ndiyo dosari yake kuu. Mwaka 2023 Oher alidai mahakamani kwamba mwaka 2004, akiwa na miaka 18, hakufanywa mwana, bali aliwekwa chini ya uangalizi wa kisheria. Familia ilikana kujitajirisha kwake. Mwaka huohuo jaji aliukomesha uangalizi huo.