Kutoka 9 Hadi 13

Waliopandisha shinikizo la mashine ya kupulizia hewa usingizini (CPAP) ya dereva wa Nambale kutoka sentimita 9 hadi 13 za maji walikosea, na ripoti waliyoshika mkononi ilikuwa inawaonyesha kosa lao kabla hawajabonyeza kitufe. Wasomaji wa safu hii mliiona ripoti hiyo toleo lililopita, kwa idhini ya mwenyewe, ambaye ni shemeji yangu na huendesha lori kati ya Mombasa na Kampala. Mliona AHI, yaani hesabu ya apnia (pumzi kukatika) na haipopnia (pumzi kupungua) kwa saa, imesimama kwenye 12. Wengi mliniandikia kwamba 12 ni nyingi mno, kwamba inapaswa kuwa chini ya 5, na kwa hiyo kliniki ilifanya haki kuongeza hewa.

Shukeni mistari miwili chini ya hapo. Katika hizo 12 kwa saa, 9 zilikuwa apnia za njia wazi. Haipopnia zilikuwa 2. Apnia ya kuziba, ile ambayo CPAP ilibuniwa kwa ajili yake, ilikuwa 1 tu. Kwa shinikizo la 9 koo la shemeji lilikuwa linakaa wazi karibu usiku mzima. Mashine ilikuwa imekwisha kushinda vita vyake, na mtu akaamua kuiongezea silaha.

Nitakaa hapa, maana hapa ndipo penye jambo. Hewa ya CPAP ni gango. Inaingia puani, inajaza koo, inazuia nyama laini za nyuma ya ulimi zisianguke na kuziba njia. Gango likiwa dhaifu, koo huziba, kifua kinahangaika kuvuta na hewa haipiti. Hapo unaongeza sentimita moja ya maji, unasubiri, unatazama tena. Apnia ya njia wazi ni shauri jingine kabisa. Koo halijaziba. Kifua hakihangaiki. Ubongo wenyewe ndio haukutoa amri ya kuvuta pumzi, mara nyingi kwa sababu kaboni dayoksaidi ndani ya damu imeshuka chini ya kiwango kinachouchochea. Gango litanyoosha nini mahali ambapo hakuna kilichovunjika? Tena kwa baadhi ya watu kuongeza shinikizo huzidisha tatizo: mapafu yanajazwa zaidi, kaboni dayoksaidi inaoshwa zaidi, na ubongo unanyamaza mara nyingi zaidi. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa 13 apnia za njia wazi ziliongezeka, maski ikaanza kupiga filimbi pembeni mwa pua, na shemeji akaivua na kuiweka chini ya kiti cha utingo.

Hili si suala la ladha ya daktari mmoja na mwingine. Mwongozo wa chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, AASM, wa mwaka 2008 umeeleza jinsi ya kupanda: anza na 4, ongeza angalau 1 kila baada ya muda usiopungua dakika 5, na uongeze pale tu unapoona apnia 2 za kuziba, au haipopnia 3, au dakika 3 za kukoroma kwa nguvu, au mara 5 za pumzi kuhangaika hadi mtu kugutuka. Haukusema popote kwamba jumla ya AHI peke yake ni sababu ya kupanda. Zikijitokeza apnia za njia wazi wakati wa kupanda, mwongozo unasema shusha, au fikiria mashine ya aina nyingine. Kliniki ilifanya kinyume chake, tena kwa kuruka hatua 4 kwa mkupuo mmoja, kupitia simu, bila mtu yeyote kumtazama aliyelala.

Kazi ya kliniki iliyotangulia ilikuwa safi: maski ya pua ilimkaa, adapta ilifaa umeme wa lori wa volti 24, na walimpigia mapema kumjulia hali.

Lakini hawakumuuliza alilala wapi. Nimekuwa nikilipigia kelele jambo hili tangu nianze kuandika hapa, na nitaendelea. Ripoti ya mashine haina macho. Inapima mtiririko wa hewa, haipimi ubongo. Haina waya kichwani wa kuiambia kama mtu amelala au yuko macho. Sasa mchukue dereva aliye kwenye foleni ya mpaka wa Malaba usiku. Lori la mbele linasogea, honi inalia, anaamka, anavua maski au anaiacha ikining'inia, anasogeza lori lake mita chache, anarudi kitandani nyuma ya kiti. Mtu anayeamka na kurudia usingizi namna hiyo hushusha pumzi ndefu kisha hutulia kidogo kabla ya pumzi inayofuata. Mashine inauona utulivu huo na kuandika: apnia ya njia wazi. Kila foleni inaposogea, moja inaongezwa kwenye hesabu. Kwenye mpaka wa jirani, kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018 na kimepunguza kungoja, ila dereva yeyote wa hapa kwetu mpakani atakwambia kwamba kuna siku mistari inarudi ile ile.

Halafu kuna mwinuko. Busia na Malaba ziko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari. Safari ile ile inampitisha shemeji Burnt Forest na Eldoret, ambako anavuka mita 2,000, na Timboroa juu zaidi. Madaktari wa Zürich waliwapandisha wagonjwa wa apnia wanaoishi bondeni hadi Davos, kwenye mita 1,860 na 2,590, na apnia za njia wazi zikaongezeka. Sababu ni ile ile: hewa ikiwa nyepesi mtu anapumua kwa kasi zaidi, kaboni dayoksaidi inashuka, ubongo unapitiwa. Mashine za sasa hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko upande wa shinikizo, lakini hakuna mashine inayorekebisha ubongo wa anayelala Burnt Forest. Ripoti iliyotumika kuamua 13 ilikuwa wastani wa usiku wa Malaba, wa Eldoret na wa Mombasa kando ya bahari, wote umechanganywa kwenye chungu kimoja. Wastani huo haumhusu mtu yeyote aliyelala mahali popote.

Na mvujo? Mashine za ResMed huchukulia lita 24 kwa dakika kuwa mpaka. Ukiuvuka, hata uainishaji wa apnia unaanza kutiliwa shaka. Kwenye ripoti ya shemeji mstari wa mvujo ulikuwa unagusa mpaka huo usiku kadhaa, na ni usiku ule ule wenye AHI kubwa. Kitanda cha kabini ni chembamba. Ukilala ubavu, bomba linabanwa na ukuta na maski inavutwa. Kabla ya kugusa shinikizo ilitakiwa kugusa mkanda wa maski na mahali bomba linapopita. Kazi ya nusu saa.

Mzee wetu katika mambo haya ni Colin Sullivan, na kila ninapoona namba inabadilishwa kwa simu namkumbuka. Mwezi Juni 1980, Sydney, alikuwa na mgonjwa aliyeshauriwa kutobolewa koo ili apumue usiku. Tiba ya kutoboa koo ndiyo iliyokuwepo, na ilifanya kazi, kwa gharama ya mtu kuishi na shimo shingoni. Sullivan alitia mirija laini ndani ya pua, akaiziba pembeni isivuje, kisha akapandisha hewa polepole huku akimtazama mtu mwenyewe. Koo likafunguka. Akashusha, apnia zikarudi. Akapandisha, zikatoweka. Alirudia hivyo mpaka akawa na hakika kwamba ni hewa ndiyo inayofanya kazi. Mwaka uliofuata aliandika kuhusu wagonjwa 5 katika jarida la The Lancet, na shinikizo walilohitaji lilikuwa kati ya 4.5 na 10. Angalieni mpangilio wake: mvujo kwanza, shinikizo baadaye, kupanda kisha kushuka kuthibitisha, na jicho halikutoka kwa mgonjwa.

Hata kabla yake, George Gregory na wenzake wa San Francisco walikuwa wameandika mwaka 1971 kuhusu kuwawekea watoto wachanga hewa ya namna hiyo mapafu yao yasijikunje. Hadi leo muuguzi wa wodi ya watoto njiti anayetumia CPAP ya mapovu anaijua namba yake kwa macho: bomba limezama sentimita 5 ndani ya maji, shinikizo ni 5. Mapovu yakikoma anajua hewa inavuja mahali, na anautafuta mvujo kabla ya kulizamisha bomba zaidi. Muuguzi huyo asingefanya kosa la 13.

Nina kinyongo kingine cha siku nyingi na wasomaji wa zamani wanakijua: mashine za kujiendesha zinazotoka dukani zikiwa zimefunguliwa 4 hadi 20, kisha zinaachwa hivyo. Shemeji alianzia hapo. Kwa 4 watu wazima wengi huhisi wanakosa hewa na kuvua maski kabla ya usingizi. Mara nyingi mashine inapanda baada ya tukio, haipandi kabla, kwa hiyo mtu akiingia kwenye usingizi wa ndoto huku amelala chali, koo linaweza kuwa limekwisha kuziba mara kadhaa ndipo hewa ya kutosha imfikie. Kliniki ilipoifunga kwenye 9 baada ya kusoma usiku wa kwanza, ilifanya uamuzi mzuri kuliko vituo vingi. Ndiyo maana 13 inauma.

Kuna waliopendekeza kwenye barua kwamba angehamishiwa moja kwa moja mashine ya ASV, ile inayofuata pumzi moja moja. Taratibu. Mwaka 2015 utafiti wa SERVE-HF, wenye wagonjwa 1,325 wa moyo uliochoka, ulionyesha kwamba ASV iliongeza vifo vya moyo kwa watu wa kundi hilo. Kwanza moyo upimwe. Wala mashine ya mkono wa pili ya mpakani si jibu: Juni 2021 Philips ilitangaza kurejesha mamilioni ya mashine kwa sababu sponji iliyomo ndani ilikuwa inamomonyoka, na namba ya mashine lazima ikaguliwe kabla ya kuivaa.

Nilichomwomba daktari wake, naye amekubali, ni hiki. Shinikizo lirudi 9. Maski ifungwe upya huku akiwa amelala kwenye kitanda chake cha kabini, si kwenye kiti cha kliniki, na bomba lipite juu ya kichwa. Shemeji aandike kwenye daftari alilala mji gani na kama foleni ilisogea. Wiki chache zipite bila kugusa kitu kingine, kwa kuwa apnia za njia wazi zinazozuka mwanzoni mwa tiba mara nyingi hupungua zenyewe mwili unapozoea. Kisha usiku wa Malaba usomwe peke yake, wa Eldoret peke yake, wa Mombasa peke yake, na kila mmoja ugawanywe: za kuziba ngapi, za njia wazi ngapi, mvujo kiasi gani. Za kuziba zikiwa bado 1, shinikizo lisiguswe, au lijaribiwe 8. Za njia wazi zikikataa kushuka hata nyumbani Nambale, kwenye kitanda kisichosogezwa na foleni, apimwe moyo na alale maabara yenye waya za kichwani, mtu akiwa macho upande wa pili wa kioo.