Moja, Tatu, Kumi

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Februari 2005, mlima wa taka wa Leuwigajah, karibu na Bandung nchini Indonesia, uliporomoka kwa mvua na gesi iliyojikusanya ndani yake. Watu zaidi ya 140 walifukiwa. Tangu hapo tarehe hiyo ni siku ya taifa ya kujali taka. Gesi ile haikutoka kwenye vyuma wala plastiki. Ilitoka kwenye mabaki ya vyakula na maganda yaliyooza bila kupata hewa.

Ndiyo maana nawastahi sana akina mama wa Indonesia wasiokubali ganda la nanasi litupwe. Wanaijua kwa moyo kanuni ya kuchachusha maganda yawe maji ya usafi, iliyoenezwa na Dkt. Rosukon Poompanvong wa Thailand: moja, tatu, kumi. Kilo 1 ya sukari guru au molasi, kilo 3 za maganda yasiyopikwa, lita 10 za maji. Vyote huingia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nafasi ikiachwa juu, vikangojwa siku 90. Kisiwani Bali, hata matunda na maua ya sadaka za hekaluni huokotwa yakaingizwa humo.

Mwezi wa kwanza ndio wa kulinda. Hamira hula sukari na kutoa gesi, ndoo ikavimba. Chupa ya kioo ingepasuka. Mzoefu hulegeza mfuniko taratibu kila siku, huinama akanusa, huyazamisha kwa mwiko maganda yaliyoelea, kisha hufunga. Utando mweupe haumshtui. Akiona ukungu mweusi, huongeza sukari. Pua ndiyo kipimo chake kikuu, na pua hiyo haifundishwi kwa maandishi. Aliyekulia pwani akaona tembo la mnazi likilala hadi likawa siki anaijua safari yenyewe: utamu, kilevi, kisha ukali unaowasha puani.

Mwaka 2020, korona ilipoingia na vitakasa mikono vikaadimika, wengi waliyachuja maji hayo, wakayazimua, wakajaza chupa za kunyunyizia na kuwagawia majirani. Moyo huo nausifu bila kusita. Lakini kitakasa cha Shirika la Afya Duniani kinachotengenezwa kwa ethanoli kina asilimia 80 ya kilevi hicho. Ndoo ya moja, tatu, kumi, hata sukari yake yote ikigeuka kilevi, haifiki asilimia 10, na kufikia mwezi wa tatu sehemu kubwa ya kilevi hicho imeshakuwa siki. Mbele ya virusi, mikono inataka sabuni na maji yanayotiririka, au kitakasa halisi. Anayewaambia watu vinginevyo anawahatarisha, na anaivunjia heshima kazi nzuri.

Maana kazi yenyewe haihitaji kupambwa. Siki hiyo, ikizimuliwa, hung'oa chokaa iliyoganda kwenye bomba na vigae vya choo, hulainisha uchafu wa sinki, huondoa harufu ya samaki kwenye ubao wa kukatia, na huiacha sakafu ikinukia matunda. Mikono iliyotoka kumenya vitunguu huifurahia pia, kabla ya sabuni. Makapi hayatupwi: hufukiwa bustanini, au hutiwa kwenye ndoo mpya ili uchachu uanze mapema.