Andrew Jennings: Swali Lililofungua Makabati ya FIFA

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mjini Zurich, mwandishi mmoja wa Uingereza mwenye mvi, aliyevaa nguo za kutembelea milimani, alipewa maikrofoni katika mkutano wa waandishi wa habari wa FIFA. Akamuuliza Rais Sepp Blatter kama amewahi kula rushwa. Blatter akakana. Waandishi wenzake waliovaa suti na tai wakamkwepa kama mtu aliyevunja miko.

Ukilipima swali lile kwa jibu lililopatikana, lilikuwa swali bure. Hakuna kiongozi atakayesimama mbele ya kamera akasema ndiyo, nimekula. Lakini Andrew Jennings hakuwa akimuuliza Blatter. Alikuwa akiwatangazia wafanyakazi wa FIFA kwamba yupo mwandishi mmoja asiyeogopa, asiyetafuta tiketi wala chakula cha mchana, na kwamba aliye na jambo ajue pa kulipeleka. Kwa maelezo yake mwenyewe, wiki sita hivi baadaye aliitwa usiku wa manane kwenye jengo la ofisi kando ya mto humo humo Zurich. Ofisa wa ngazi ya juu wa FIFA akaja na mzigo wa nyaraka mikononi. Kikulacho ki nguoni mwako, na Jennings aliijua maana ya methali hiyo kuliko viongozi aliowaandama.

Jennings, aliyefariki Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 78, anastahili kuchambuliwa kama tunavyomchambua kocha: si kwa mataji tu, bali kwa mfumo aliocheza.

Alikotokea

Kwanza, hakukulia kwenye dawati la michezo. Alikuwa mpelelezi wa habari za polisi wala rushwa na magenge ya uhalifu. Mwaka 1986 aliondoka BBC baada ya shirika hilo kukataa kurusha kipindi chake kuhusu rushwa ndani ya polisi wa London. Alipoingia michezoni, aliitazama Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kwa jicho lile lile: nani anamlipa nani, kwa kazi gani, na risiti iko wapi. Kitabu alichoandika na Vyv Simson mwaka 1992 kuhusu kamati hiyo kilimletea hukumu ya kifungo cha siku tano, kilichoahirishwa, katika mahakama ya Lausanne. Miaka michache baadaye kashfa ya hongo za Salt Lake City ililipuka, na wajumbe kadhaa wa kamati hiyo wakafukuzwa.

Mwandishi aliyekulia uwanjani huwa na marafiki wengi kwenye vilabu na mashirikisho, na urafiki huo ndio mtaji wake. Akimuudhi kiongozi, simu hazipokelewi, kitambulisho cha kuingilia uwanjani hakitoki, na safari ya timu inaondoka bila yeye. Jennings hakuwa na mtaji wa aina hiyo wa kupoteza. FIFA ilipompiga marufuku kwenye mikutano yake mwaka 2003, haikumfungia chanzo chochote cha maana. Vyanzo vyake havikuwa vikikaa kwenye mikutano ya waandishi wa habari.

Karatasi kabla ya maneno

Sehemu ya pili ya mfumo wake ni nyaraka, na hapa ndipo wachambuzi wetu wa leo wana mengi ya kujifunza. Fuatilia habari ya ISL. Hii ilikuwa kampuni ya Uswisi iliyonunua haki za masoko na matangazo za FIFA, kisha ikaziuza kwa vituo vya televisheni na wadhamini. Mwaka 2001 ilifilisika. Kampuni ikifilisika, vitabu vyake vya hesabu huangukia mikononi mwa mfilisi, na mfilisi hana urafiki na mtu. Wakuu wa ISL waliposimama kizimbani mjini Zug mwaka 2008, habari za malipo ya siri kwa viongozi wa michezo zikatajwa mahakamani.

Wengi waliiona kesi hiyo kama habari ya biashara. Jennings aliona mlango. Novemba 29, 2010, katika kipindi cha Panorama cha BBC, alionyesha orodha ya siri ya malipo 175 ya ISL kati ya mwaka 1989 na 1999, yenye jumla ya karibu dola milioni 100. Aliwataja Ricardo Teixeira wa Brazil, Nicolás Leoz wa Paraguay na Issa Hayatou wa Cameroon, aliyekuwa Rais wa Shirikisho la Soka la Afrika (CAF). Jina la Hayatou liliandikwa mbele ya faranga 100,000 za Ufaransa za mwaka 1995. Yeye alijitetea kwamba fedha hizo zilikuwa za sherehe za miaka 40 ya CAF. Desemba 2011 Kamati ya Olimpiki ikampa karipio.

Hakuna mtoa habari asiyetajwa aliyebeba habari ile mgongoni peke yake, wala hakuna tetesi. Kuna jina, kiasi na mwaka. Mtuhumiwa anabaki na njia mbili: akane karatasi au aieleze. Hata maelezo yake huwa habari mpya.

Jennings hakufanya kazi hiyo peke yake. Waandishi wa Uswisi pamoja na BBC walipigania mahakamani hadi hati ya waendesha mashtaka ikatolewa hadharani Julai 2012. Ilionyesha kwamba João Havelange, aliyekuwa Rais wa FIFA kabla ya Blatter, alipokea faranga za Uswisi milioni 1.5 mwaka 1997, na Teixeira milioni 12.74 kati ya mwaka 1992 na 1997. Wakati huo sheria ya Uswisi haikuhesabu malipo hayo kuwa jinai. Mwandishi angeweza kuishia hapo na kusema hakuna kosa. Jennings aliuliza swali la mtu wa kawaida: fedha hizi ni za nani, na zilitakiwa kujenga viwanja vya nani?

Siku tatu kabla ya kura

Sehemu ya tatu ni wakati. Kipindi kile kilirushwa siku tatu kabla ya FIFA kupiga kura ya wenyeji wa Kombe la Dunia la 2018 na 2022, na Uingereza ilikuwa ikiomba lile la 2018. Waliosimamia ombi hilo walimshutumu Jennings na BBC kwa kukosa uzalendo. Kura zilipohesabiwa Desemba 2, Uingereza ilipata mbili tu, moja ikiwa ya mjumbe wake yenyewe.

Shutuma hiyo tunaifahamu vizuri Afrika Mashariki. Mwandishi akigusa hesabu za shirikisho wakati timu ya taifa ina mechi, anaambiwa anawavuruga wachezaji. Akigusa mkataba wa klabu kubwa, anaambiwa ametumwa na watani. Jibu ni rahisi: umma unahitaji kujua kabla ya kura, si baada yake. Mwandishi anayesubiri wakati usiomuudhi mtu atasubiri hadi nyaraka zioze.

Madoa yake

Mfumo huu haukukosa madoa. Jennings alikuwa na ulimi mkali na alipenda kejeli, hata akawarahisishia maadui kazi ya kumwita mtu mwenye chuki binafsi. Jambo zito zaidi ni kwamba alieleza mwenyewe kuwa alikutana na maofisa wa FBI London mwaka 2009, na baadaye akawapa hesabu za ndani za CONCACAF, shirikisho la soka la Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibiani. Hesabu hizo zilimhusu Chuck Blazer, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho hilo, ambaye alikuja kukiri makosa mahakamani. Matokeo yalionekana Mei 27, 2015, polisi walipovamia hoteli ya Baur au Lac mjini Zurich na kuwakamata viongozi wa FIFA. Hata hivyo, mwandishi akizoeleka kuwapa polisi nyaraka, mtoa habari wa kesho atasita. Jambo hilo linavumilika pale tu mwenye nyaraka anapojua na kukubali.

Tumlinganishe na Anas Aremeyaw Anas wa Ghana, ambaye filamu yake ya Juni 2018 ilitumia kamera za siri na watu waliojifanya wafanyabiashara au wapenzi wa soka. Ilimwangusha Kwesi Nyantakyi, rais wa chama cha soka cha Ghana, na ikamnasa mwamuzi msaidizi wa Kenya, Aden Marwa, akipokea dola 600. Marwa alikuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia Urusi, hakwenda. Kamera inatoa ushahidi ambao mtazamaji haubishii, lakini inaacha swali: je, mtu huyu angekula kama asingetegwa? Orodha ya ISL haina swali hilo, kwa kuwa malipo yalifanyika bila mwandishi kuwepo. Gharama ya njia ya kamera nayo ni kubwa. Ahmed Hussein-Suale, mmoja wa timu ya Anas, alipigwa risasi na kuuawa Accra Januari 2019, baada ya mwanasiasa kuonyesha picha yake kwenye televisheni.

Kwangu mimi, karatasi inashinda kamera, na zote mbili zinashinda urafiki na msemaji wa klabu. Uchawa umeingia kwenye vipindi vingi vya michezo, na kelele za usajili zimefunika maswali ya fedha. Kwa hiyo, msomaji, usimpime mwandishi wa michezo kwa wingi wa wafuasi au kwa picha alizopiga na viongozi. Mpime kwa karatasi aliyowahi kukuonyesha, na kwa kiongozi aliyewahi kukasirika kwa sababu yake. Ukimpata wa hivyo, nunua gazeti lake, sikiliza kipindi chake, na mtetee siku atakapoambiwa si mzalendo.