Akiba Haiozi? Uhakiki wa Hoja ya Kuharakisha Tovuti kwa Akiba ya Seva na Mitandao ya Usambazaji Maudhui: Mtazamo wa Msomaji wa Kibondo na Kasulu

Ikisiri

Makala hii inahakiki hoja iliyozoeleka kuwa tovuti huharakishwa kwa kuweka akiba kwenye seva na kwa kutumia mitandao ya usambazaji maudhui. Uhakiki unamweka mbele msomaji wa wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, na unaongozwa na methali mbili za Kiswahili. Inajengwa hoja kuwa mbinu hizo ni za kweli, lakini manufaa yake makubwa huishia Dar es Salaam. Kinachomchelewesha msomaji wa nyanda za juu za Kigoma hutibiwa kwanza kwa wepesi wa ukurasa na kwa akiba iliyo karibu naye. Makala inahitimisha kwa kuzitaka hazina huria za tasnifu zijipime kwa kipimo hicho.

1.0 Utangulizi

Ukurasa wa tovuti hupitia hatua tatu kabla ya kusomwa: seva huuandaa, nyaya na mikongo huusafirisha, kisha mnara wa simu huufikisha mkononi mwa msomaji. Akiba ya seva, ambayo mafundi huiita kache, hushughulikia hatua ya kwanza. Ukurasa ulioandaliwa mara moja huhifadhiwa, na msomaji wa pili hupewa nakala badala ya seva kurudi tena kwenye hifadhidata. Mtandao wa usambazaji maudhui hushughulikia hatua ya pili. Nakala huwekwa katika seva nyingi zilizotawanywa duniani, na msomaji huhudumiwa na ile iliyo karibu naye. Biashara hii ilipata sura yake kupitia kampuni ya Akamai, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi katika mijadala ya kasi. Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: je, hoja hiyo inamhusu kwa kiasi gani msomaji aliyeko Kifura, Kibondo, au Makere, Kasulu?

2.0 Kiunzi cha Uhakiki

Uhakiki unatumia methali mbili kama vipimo. Ya kwanza ni "Fimbo ya mbali haiui nyoka", inayofundisha kuwa msaada hupimwa kwa ukaribu wake na mwenye shida. Ya pili ni "Akiba haiozi", inayosifu uwekaji wa kitu kwa ajili ya kesho. Methali ya kwanza inaelekea kuutetea mtandao wa usambazaji maudhui, na ya pili inaelekea kuitetea akiba ya seva. Hata hivyo, kila moja ikichunguzwa dhidi ya mazingira halisi ya msomaji, inaibua mipaka ya mbinu inayoonekana kuitetea.

3.0 Uchambuzi

3.1 Fimbo ya Mbali: Umbali Upi?

Mwanga ndani ya mkongo husafiri takribani kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, Ujerumani, ni takribani kilometa 7,000 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo, kwenda na kurudi huchukua milisekunde 70 kwa uchache. Kutoka Kibondo hadi Dar es Salaam ni takribani kilometa 1,000, yaani milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kivinjari huhitaji mizunguko mitatu hivi ili kuunganishwa, kukubaliana kuhusu usalama na kupata jibu la kwanza. Nakala ikiwekwa Dar es Salaam badala ya Frankfurt, mizunguko hiyo huokoa milisekunde 210. Hata tukizidisha mara tatu kwa kuwa mikongo haipiti mstari ulionyooka, muda unaookolewa haufiki sekunde moja.

Sasa tuutazame uzito. Tukichukulia kuwa simu imeshuka hadi kasi ya kilobiti 256 kwa sekunde, inapokea kilobaiti 32 kila sekunde. Ukurasa wa megabaiti 2 utachukua sekunde 64. Mtandao wa usambazaji maudhui utakuwa umempunguzia msomaji huyo chini ya asilimia moja ya kungoja kwake. Mwenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, kwa upande mwingine, hupakua ukurasa huohuo kwa sekunde 1.6, kwake, kuokoa nusu sekunde ni jambo la kuonekana. Inadhihirika kuwa anayefaidi zaidi kwa uwiano ni yule ambaye tayari alikuwa na kasi. Fimbo imesogezwa kutoka Ulaya hadi Pwani, lakini nyoka yuko Kibondo.

Hii haina maana kwamba kusogeza nakala ndani ya nchi ni kazi bure. Mnamo tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na huduma ya intaneti nchini Tanzania ikadhoofika sana. Nakala iliyo Dar es Salaam haihitaji kuvuka bahari ili kumfikia msomaji wa Kasulu. Kwa hali hiyo, thamani ya mtandao wa usambazaji maudhui kwa msomaji huyo iko zaidi katika uhakika wa huduma kuliko katika kasi yake. Utetezi wa mbinu hii ungekuwa na nguvu zaidi kama ungesimama juu ya msingi huo.

3.2 Akiba Inayooza

Methali husema akiba haiozi, lakini akiba ya seva huoza. Tangazo la tarehe ya mwisho ya kutuma maombi likisogezwa, nakala ya jana huendelea kutangaza tarehe ya jana. Ndiyo maana kila nakala hupewa muda wa uhai, na muda huo ukiisha seva hulazimika kuulizia toleo jipya. Kuchagua muda huo ni uamuzi wa kihariri kama ulivyo wa kifundi, kwa kuwa mwenye tovuti anaamua ni kiasi gani cha uchakavu msomaji anaweza kukivumilia.

Aidha, si kila kitu kinafaa kuwekwa akiba. Kurasa za mtu binafsi, kama zile za maombi ya mkopo au udahili, hutofautiana kwa kila anayeingia. Mnamo tarehe 25 Desemba 2015, kosa la mpangilio wa akiba katika duka la michezo ya kompyuta la Steam liliwafanya watumiaji waone kurasa za akaunti za watu wengine. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kasulu anapojaza fomu yake huwa amerudi kwenye seva ya asili, na kinachoweza kumsaidia hapo ni wepesi wa fomu yenyewe.

3.3 Wepesi kama Sifa ya Matini

Mfano bora wa matini inayomfaa msomaji huyu ni kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania. Kila shule ina ukurasa wake, unaotambulishwa kwa namba ya kituo. Ndani yake mna jedwali la namba za watahiniwa, madaraja na masomo, pasipo mapambo mengi. Mhakiki anayetazama uzuri wa sura atauona ukurasa huo kuwa mkavu. Hata hivyo, fani hiyo inakidhi maudhui yake kikamilifu. Ukurasa ni uleule kwa kila msomaji, hivyo akiba yake haina hatari ya kuchanganya watu. Hubadilika kwa nadra, hivyo hauozi upesi. Jedwali la namna hiyo likiwa na kilobaiti 30, litamfikia msomaji wa kilobaiti 32 kwa sekunde kabla sekunde haijatimia. Na siku matokeo yanapotoka, taifa zima likibisha hodi kwa wakati mmoja, ndipo akiba ya seva inapokuwa na thamani kubwa kwa wote.

3.4 Akiba Iliyo Karibu

Ipo akiba nyingine isiyosifiwa sana, nayo ni ile ya kivinjari. Simu ikiwa na nakala ya zamani, huuliza kama kuna mabadiliko. Kama hakuna, seva hujibu kwa maneno machache tu, na ukurasa mzima haupiti tena mnarani. Karibu na mbinu hiyo ni darasa la kuhamishika lililobuniwa na Vodafone Foundation kwa ajili ya shule za wakimbizi, kwa ushirikiano na UNHCR. Katika darasa hilo kompyuta moja huwapatia wanafunzi masomo kwenye vishikwambi 25 hata bila intaneti. Kwa wilaya zilizopokea wakimbizi katika kambi za Nyarugusu, Kasulu, na Nduta, Kibondo, wazo hilo lina uzito wa pekee: akiba inaletwa hadi chumbani. Hapa ndipo methali ya fimbo inapotimia.

4.0 Hazina za Tasnifu

Hoja hii inazigusa pia hazina za kitaaluma. Tasnifu iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa inaweza kufikia megabaiti 20. Kwa kasi iliyotajwa, kuipakua huchukua dakika 10 na sekunde 40, ikiwa mawasiliano hayatakatika, na bando hutumika iwapo kazi ina manufaa au haina. Mwalimu wa sekondari wa Kibondo anayesoma shahada ya umahiri akiwa kazini hawezi kupekua kazi kumi kwa namna hiyo ili apate pengo la utafiti wake. Kwake, kazi hizo ni huria kwa jina. Hakuna mtandao wa usambazaji maudhui utakaoondoa tatizo hilo, kwa sababu chanzo chake ni faili lenyewe.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu haukatai akiba ya seva wala mitandao ya usambazaji maudhui. Unakataa mpangilio wa vipaumbele. Kwa msomaji wa Kibondo na Kasulu, wepesi wa matini hutangulia, akiba ya kivinjari na ya mahali hufuata, kisha akiba ya seva, na mtandao wa usambazaji maudhui huja mwisho. Inapendekezwa kuwa hazina za tasnifu zipokee faili za maandishi badala ya picha, zigawe tasnifu ndefu kwa sura, zionyeshe ukubwa wa kila faili kabla ya kupakuliwa, na ziweke ikisiri katika ukurasa mwepesi unaojitegemea. Mapendekezo hayo hayahitaji mtambo mpya, bali masharti ya uwasilishaji ambayo idara na watahini wanaweza kuyaweka wao wenyewe.