Lipindue Kwanza: Namna ya Kulijua Begi Kubwa la Magurudumu

Begi la safari lililosimama dukani, tumbo limejazwa makaratasi na zipu zote zimefungwa, halikuambii kitu. Mwombe muuzaji atoe makaratasi, kisha lilaze kifudifudi ulitazame chini. Huko kwenye sakafu yake, kwenye vitako vya magurudumu na kwenye ule mstari ambapo plastiki ngumu inakutana na kitambaa, ndiko aliyelitengeneza alikoonyesha ustadi wake au alikopunguza gharama akitumaini hutaangalia. Mabegi haya ni nadra kufa kwa kuchanika kitambaa katikati. Hufia kwenye maungio, pale kitu kigumu kinapovuta kitu laini, na maungio karibu yote yako chini na nyuma.

Nazungumzia begi laini na refu, la lita 90 hadi 120, lenye magurudumu mawili upande mmoja na mpini wa kuvutia upande wa pili. Sanduku gumu la magurudumu manne lina mambo yake na halinihusu hapa. Begi hili ndilo la mfanyabiashara anayetoka Kariakoo au Eastleigh kwenda Deira na Guangzhou, la mwanafunzi anayekwenda kuanza masomo ng'ambo, la familia inayorudi nyumbani likizo na zawadi za ukoo mzima. Tumbo lake hupokea viatu vya maboksi, vitenge, sufuria na mabomba ya gari bila kuuliza umbo. Na ndiyo sababu huteswa kuliko begi lingine lolote.

Kabla ya ubora, tumalize habari ya kipimo, maana begi bora lisilokubalika kaunta ni hasara. Mashirika mengi ya ndege yanayohesabu mizigo kwa idadi huweka kikomo cha sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kina, na kilo 23 kwa kila begi la daraja la kawaida. Yanayohesabu jumla ya kilo hukuachia ugawe upendavyo, lakini hata huko begi moja likivuka kilo 32 kwa kawaida halipokelewi, kwa kuwa mzigo huo unanyanyuliwa na mgongo wa mtu. Chukua futi kamba upime mwenyewe, magurudumu na vishikio vikiwemo. Begi la sentimita 81 kwa 40 kwa 37 linafika 158 kamili na ndani yake ni kama lita 120 tu. Kwa hiyo ukiona begi lenye urefu wa sentimita 75 au zaidi limeandikwa lita 140, ujue ama lita zimetiwa chumvi, ama begi limevuka kikomo. Hakuna namna ya tatu, hesabu haikubali.

Uzito wa begi tupu nao ni bei ambayo utailipa kila safari. Mengi ya aina hii huwa kati ya kilo 3 na 5. Begi la kilo 4.5 katika ruhusa ya kilo 23 limekula karibu moja ya tano kabla hujatia hata soksi. Hata hivyo siungi mkono wanaokimbilia jepesi kuliko yote. Uzito wa begi zuri unakaa kwenye sakafu, mpini na magurudumu, na anayetaka kuupunguza sana huanza kukata hapohapo. Mimi ningekubali kilo 3.8 zenye sakafu ya maana kuliko kilo 2.9 zenye kadibodi.

Haya, begi limelala kifudifudi. Bonyeza sakafu kwa dole gumba. Sakafu njema ni sinia moja la plastiki iliyotolewa kwenye kalibu, linalopanda kwenye pande na kuzunguka kona za chini, na vitako vya magurudumu vimo ndani ya sinia hilo hilo. Ukibonyeza, linajikunja kidogo na kurudi. Sakafu duni ni kitambaa kilichofunika ubao wa karatasi iliyoshindiliwa. Inatoa sauti kavu, na kona zake unazihisi zimeachana na kitambaa. Ubao huo ukilowa mvua uwanjani, begi likisubiri kwenye kigari, unavimba, na ukishavimba haunyooki tena. Hakikisha pia kuna mbavu za plastiki zilizonyanyuka juu ya sakafu. Begi likiburutwa kwenye ngazi, mbavu hizo ndizo zinazosuguliwa, si mshono.

Sasa fuata kwa kidole mpaka wa plastiki na kitambaa, mzunguko wote. Hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wangu wote wa dukani. Kitambaa kikiwa kimeshonwa juu ya ukingo wa plastiki bila kifuniko, uzi uko nje na utakatwa na kila sakafu ya saruji. Tafuta mshono uliozama ndani ya mfereji, au uliofunikwa na ukanda, kisha ukashikiliwa na ribiti zenye vikombe vipana upande wa ndani. Ribiti isiyo na kikombe hutoboa kitambaa taratibu, na tundu hupanuka kila begi linapodondoshwa. Fungua bitana uone. Begi la kuaminika lina zipu ndogo ndani ya bitana inayokuruhusu kuufikia mpini na skrubu za magurudumu. Bitana ikiwa imeshonwa ikafungwa kabisa, aliyelitengeneza hakukusudia litengenezwe tena.

Magurudumu yenyewe hayadanganyi ukiyajaribu. Zungusha moja kwa kidole huku begi likiwa limepinduliwa. Lenye beringi linaendelea kuzunguka kwa sauti laini. Lisilo na beringi linasimama mara moja au linakwaruza. Likamate ulitikise kushoto na kulia. Likicheza dukani, baada ya mwaka litakuwa linayumba na kula kitako chake. Ukubwa una maana zaidi kwetu kuliko kwa mtu anayetembea kwenye vigae tu tangu mlangoni kwake hadi kwenye ndege: gurudumu la milimita 50 hukwama kwenye kila ufa wa barabara ya mtaa, lakini la 90 au 100 hupita. Liwe limezama nusu ndani ya kitako, kwa sababu linalotokeza lote nje ndilo linalogonga kwanza begi linaporushwa.

Kisha tazama linavyoshikiliwa. Bolti yenye kichwa cha kufungulia kwa spana au ufunguo wa pembe sita ni habari njema. Ribiti iliyogongwa inamaanisha gurudumu likifa, fundi atalazimika kuitoboa kwa drili. Mabegi mengi mazuri ya aina hii hutumia magurudumu ya viatu vya kuteleza, yenye beringi namba 608, kipenyo cha nje milimita 22 na tundu la milimita 8. Ni beringi ya kawaida sana duniani, hupatikana hata mahali ambapo jina la begi lako halijawahi kusikika.

Mpini uvute hadi mwisho, ushike kwenye ncha, uusukume huku na huku. Kuyumba kidogo ni lazima, na pengine kunausaidia usivunjike. Kinachotisha ni mlio wa plastiki kwenye kiungo cha katikati. Mirija ya alumini iliyo mviringo au yenye pembe za mviringo hupinda kwa shida kuliko bati jembamba la mraba. Mrefu avute begi akiwa amesimama wima. Mpini mfupi unalifanya begi liguse visigino, na mtu wa namna hiyo ataishia kuliburuta kwa mkanda. Pakia vitu vizito upande wa magurudumu. Kanuni hii mkono wako unaijua hata kama hujawahi kuifikiria: kadiri mzigo unavyokaa karibu na mhimili, ndivyo mkono unavyobeba kidogo.

Kuhusu kitambaa, maduka hupenda kutaja denia. Ni kipimo cha uzito wa uzi: gramu za mita 9,000. Uzi wa denia 1000, kwa hiyo, una kilo moja katika kilomita 9. Namba hiyo inasema unene wa uzi tu. Haisemi uzi ni wa nini wala umefumwaje. Naironi ya denia 840 iliyofumwa kwa kubana hustahimili kusuguliwa kuliko poliesta ya 900 iliyofumwa kilegevu, ingawa poliesta nayo huvumilia jua vizuri zaidi na hainywi maji kama naironi. Kuna pia kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki kama turubai, ambacho The North Face walikifanya maarufu kwa mabegi yao ya Base Camp. Hicho kwa mvua ni hodari, kwa uzito si rafiki. Sahau kibandiko. Kunja kitambaa, kibane kwa kucha, kikunjue. Mstari mweupe ukibaki, upako wake umeanza kupasuka kabla ya safari ya kwanza.

Zipu inastahili subira. Namba yake, 5, 8 au 10, ni takriban upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Kwa mlango mkuu wa begi la lita 100 nisingekubali chini ya 8, na 10 ndiyo saizi yake. Zipu ya meno ya mzunguko, ile inayoonekana kama waya wa naironi uliosokotwa, hupinda vizuri kwenye kona na ikiachana unaweza kurudisha kichwa nyuma ikajifunga upya. Ya meno mojamoja ya plastiki ni imara kwenye mstari ulionyooka, lakini jino moja likitoka, hiyo haina tena safari ndefu. Kampuni ya YKK, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1934 na Tadao Yoshida, inaheshimika kwa haki, ila herufi zake tatu hugongwa kwenye vichwa vya zipu ambazo haikuzitengeneza. Basi pima kwa mkono: jaza begi nusu kwa bidhaa za duka, kisha endesha zipu kwa mkono mmoja mzunguko mzima. Ikiganda kwenye kona likiwa nusu, itakatika likijaa. Na kinachochoka kwanza mara nyingi ni kichwa, si meno. Mdomo wake hutanuka. Fundi viatu yeyote hodari hukibana kwa koleo kikakusogeza siku kadhaa, halafu hukibadilisha kwa bei ndogo.

Kufuli haigeuzi zipu kuwa mlango wa chuma. Zipu ya meno ya mzunguko hutobolewa kwa ncha ya kalamu, na vichwa vilivyofungwa pamoja vikipitishwa tena, tundu linafutika. Kufuli zenye tundu la ufunguo wa wakaguzi wa Marekani nazo zina udhaifu wake, kwani picha za funguo hizo zilisambaa mwaka 2015 na watu wakazichonga. Dhahabu, dawa na nyaraka zisiingie humu kabisa. Betri za akiba za simu nazo ni marufuku kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.

Vishikio vipimwe kwa nguvu bila aibu. Kanyaga begi, shika kishikio, vuta juu. Mshono unaofaa ni mraba wenye msalaba ndani yake. Mkanda uliopita chini ya begi ukalizunguka lote hubeba uzito wenyewe; ulioshonewa juu ya kitambaa tu hukiachia kitambaa kazi yote. Kuwe na kishikio kwenye kila ncha, kwa kuwa mpakiaji hushika chochote kilicho karibu, hata mkanda wa kubania. Mikanda inayoning'inia ifichwe au ifungwe, isije ikanaswa na mashine ya mizigo.

Rangi chagua upendayo, isipokuwa nyeusi.

Kuna safari ambazo begi hili, hata likiwa bora, si zake. Ndege ndogo za kwenda mbugani kwa kawaida hutaka mabegi laini yasiyo na magurudumu, mara nyingi kilo 15. Na anayepanda Kilimanjaro asimpelekee mpagazi sinia la plastiki na mpini wa alumini alibebe kichwani. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 pamoja na vitu vyake, na kilo mbili za magurudumu yasiyozunguka mlimani ni dhuluma kwake.

Likitoka kwenye mkanda wa mizigo limevunjika, ripoti kabla hujatoka uwanjani. Kwa safari zinazotawaliwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, madai ya begi lililoharibiwa huwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Piga picha magurudumu na kona siku ya kuondoka, ili mkwaruzo wa zamani usichanganywe na ufa mpya.

Nyumbani, adui wa begi pwani ni unyevu. Upako wa ndani wa vitambaa vingi, na mpira wa magurudumu mengi, ni poliuretani, nayo joto la unyevunyevu huimeng'enya polepole: upako unanata na kutoa harufu, gurudumu linamomonyoka hata kama begi limelala tu juu ya kabati. Lifute chumvi na vumbi, liache wazi penye hewa, usilifungie kwenye mfuko wa plastiki. Zipu, kichwa, beringi, kishikio, vyote hivi hutengenezeka. Sakafu iliyopasuka kwenye kitako cha gurudumu haishikiki kwa gundi wala kwa ribiti, maana uzito wote hurudi palepale. Begi likifika hapo, toa beringi na vichwa vya zipu uviweke akiba, kisha ulitumie kuhifadhia mablanketi.