Finnegan Hawezi Kuamka Mtwara

Mpe msomaji wa Kiswahili kitabu cha James Joyce, Finnegans Wake, asome jina kwa herufi zetu. Atakuuliza: wake gani? Huyu Finnegan ana wake wangapi? Nadhani Joyce mwenyewe angecheka, maana sura ya Anna Livia ameitilia maneno ya Kiswahili pamoja na ya lugha nyingine kibao. Tukiweka mzaha kando, jina hilo limenikaa kooni tangu nilipoanza kujiuliza lingetafsiriwaje kwa watu wa huku Mtawanya.

Kwa Kiingereza, wake ni kuamka, au kumwamsha mtu. Ni pia usiku wa kukaa na maiti kabla ya maziko, hasa kwa Waayalandi: mwili uko ndani, majirani wanakunywa, wanaimba, wanapiga soga. Tena ni ule mstari wa maji unaobaki nyuma ya chombo kikipita. Ukipanda kivuko cha Msangamkuu, geuka nyuma utauona. Wajuzi wa historia ya maneno huliweka hili la baharini mbali na mengine, wakilihusisha na neno la Kinorse cha kale la tundu kwenye barafu. Sawa, lakini sikio halisomi historia.

Joyce alilichota jina kwenye wimbo wa mtaani wa Tim Finnegan, kibarua wa ujenzi aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akadhaniwa amekufa. Usiku wa msiba wageni wakagombana, wiski ikamwagikia marehemu, marehemu akaamka. Joyce akaondoa alama ya umilikishi, kwa hiyo jina linasomeka pia kwamba akina Finnegan wanaamka.

Mfasiri mwenye haraka ataandika Mkesha wa Finnegan, na wengi watamkubalia. Mimi nina ugomvi naye. Mkesha tunaujua: wa Mwaka Mpya, wa Krismasi, wa Mwenge. Watu wanasubiri kitu kinachokuja. Kwenye misiba ya Wakristo, Masasi au Newala huko, mwili ukiwasubiri ndugu wa kutoka Dar na kwaya ikiimba hadi asubuhi, neno hilo linakaa vizuri kabisa. Ila hapa pwani kwa Waislamu, mtu akifariki asubuhi, mara nyingi jioni ameshazikwa. Usiku ukiingia hakuna maiti ya kukeshewa. Waliobaki ni wafiwa.

Sasa sikiliza watu wanavyoaga nyumbani kwao: "Leo nalala msibani." Kulala, si kukesha! Mikeka inatandikwa, wanawake ndani, wanaume nje na kahawa yao, na wengine hawapati hata lepe la usingizi. Bado kitenzi ni kulala. Mwayalandi anamkalia macho aliyekufa. Sisi tunajilaza karibu na mjane ili asilale peke yake. Kwa utaratibu huu, Tim Finnegan hana nafasi: kahawa ikija kumwagika saa nne usiku, yeye yuko kaburini tangu alasiri.

Na siku hizo tunaziita matanga. Hapo ndipo ninapomlaumu mfasiri wa mkesha kwa kupita juu ya mali bila kuinama. Tanga ni la jahazi. Matanga ni ya majahazi, na matanga ni maombolezo. Kiswahili nacho kimeweka msiba na chombo cha baharini ndani ya neno moja, bila kumwazima Mwingereza chochote. Tofauti ni kwamba Kiingereza kinatazama kile chombo kinachokiacha nyuma, sisi tunatazama kinachokisukuma. Msiba ukiisha tunasema tumeanua tanga. Ningeandika Matanga ya Finnegan bila kusita.

Utaniambia: kuamka kumekwenda wapi? Kweli, jina hili halimwamshi mtu, na kwa kitabu ambacho mzaha wake mkubwa ni maiti anayefufuka, hiyo si hasara ndogo. Wala sidhani tanbihi ingeiponya. Lakini kuamka kupo matangani, si kwa marehemu tu. Alfajiri waliolala msibani wanakunja mikeka, na kabla ya chai mmoja wao anaingia chumbani kwa mjane: "Shikamoo bibi. Umeamkaje?" Swali lilelile la kila asubuhi, ambalo siku hiyo jibu lake linasubiriwa kweli.

Joyce naye, baada ya kurasa zaidi ya mia sita, hamwachii Finnegan neno la mwisho. Anampa mwanamke, Anna Livia, ambaye ni mke na ni mto, akisema peke yake asubuhi huku maji yake yakiingia baharini.