Makali ya Picha na Mipaka Yake: Uhakiki wa Dhana ya Ukali katika Upigaji Picha wa Filamu

Utangulizi

Makala haya yanahakiki dhana ya ukali wa picha, yaani kiwango cha kuonekana wazi kwa kingo na vipengele vidogo vya kitu kilichopigwa kwa filamu. Wapiga picha na watunza nyaraka wengi huuchukulia ukali kuwa kigezo cha kwanza cha ubora. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukali hupima aina moja tu ya habari iliyomo katika picha. Haupimi thamani ya picha yenyewe. Jambo hili linagusa sera. Taasisi inayochagua picha za kuhifadhi kidijitali kwa kuangalia ukali peke yake huamua pia, pengine bila kukusudia, ni nani atakayebaki katika kumbukumbu ya umma.

Msamiati na hukumu

Kiswahili hakiliachi suala hili bila hukumu. Kisu kikali husifiwa, jua kali huogopwa, maneno makali huumiza, na mtaani picha kali ni picha nzuri. Aidha, mafundi wa studio huita kazi ya chumba cha giza kusafisha picha. Msemo huo hurahisisha dhana kwamba picha yenye ukungu ni picha chafu. Mhakiki hana budi kutenganisha maelezo ya hali ya picha na hukumu juu yake.

Ukali hutokana na mambo mengi: lenzi, umbali uliolengwa, upana wa tundu, kasi ya shata, chembe za filamu na kiwango cha ukuzaji. Negativu ya milimita 24 kwa 36 ikichapwa kwa sentimita 24 kwa 36, kila kasoro hukuzwa mara 10. Negativu ya inchi 8 kwa 10 ina eneo kubwa zaidi kwa takriban mara 60, na huweza kuchapwa kwa kuilaza juu ya karatasi bila kuikuza. Kwa hiyo, kuusema ukali bila kutaja ukubwa wa chapa ni kusema nusu ya jambo.

Mifano mitatu

Mwaka 1932, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao wa California waliunda kundi la f/64, jina linalorejelea tundu dogo sana la lenzi. Walipinga picha zilizolainishwa makusudi ili zifanane na michoro. Kwao ukali ulikuwa msimamo wa kisanaa, na ulifaa jiwe, jani na mlima, vitu vinavyoweza kusubiri.

Tarehe 6 Juni 1944, Robert Capa alipiga picha za askari wakitua ufukwe wa Omaha, Normandy. Baadhi yake zina mtikisiko mkubwa, na bado zimekuwa miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi za vita hivyo. Hata hivyo, ni kosa kuugeuza mtikisiko kuwa ushahidi wa ukweli, kwa kuwa mkono unaotetemeka kwa uzembe huacha alama ileile.

Mfano wa tatu unatoka Bamako, Mali. Seydou Keïta, aliyefungua studio mwaka 1948, alitumia kamera ya sentimita 13 kwa 18 na kuwapa wateja chapa za ukubwa huohuo. Katika miaka ya 1990 picha zake zilianza kukuzwa sana kwa ajili ya maonyesho ya Ulaya. Nyuzi za vitambaa zilionekana kwa namna ambayo mteja wa awali hakuwahi kuiona. Ukali uliosifiwa na watazamaji hao ulikuwa, kwa sehemu, zao la ukuzaji mpya.

Pale ambapo ukali haujadiliki

Ipo kazi isiyovumilia ukungu. Miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu hutegemea nukta: katikati ya neno, nukta moja chini ya kijino husomwa b, mbili juu husomwa t, tatu juu husomwa th. Mikrofilamu inayopoteza nukta hupoteza neno, na pengine mizani ya ubeti mzima. Hapa ukali ni sharti la usomaji.

Hitimisho

Swali la haki si kama picha ni kali, bali ni kali kiasi gani kwa kazi gani. Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, kumbukumbu za picha zitaje chanzo cha ukungu: mtikisiko, ulengaji, chembe au uchapaji. Pili, negativu isitupwe kwa sababu chapa yake ina ukungu, kwani kasoro yaweza kuwa ya chapa tu. Picha ya arusi iliyotikisika inaweza kuwa ndiyo pekee inayomwonyesha bibi fulani akicheka. Mswada uliotikisika hauna budi kupigwa upya kabla karatasi haijaliwa na mchwa.